Katekista na Siku ya Wodeni

Mtu aliyeninyima jina la mama yangu ndiye huyo huyo aliyenivalisha koti langu la kwanza nchini Canada, na kwa sababu ya lile koti sijawahi kupata nafasi ya kumchukia vizuri. Nimejaribu. Nimejaribu nikiwa ndani ya basi, nikiwa natandika vitanda vya wazee kazini, nikiwa nimepiga magoti kanisani na yeye yuko mbele anaongoza rozari kwa sauti yake ya kukwaruza. Kila nikikaribia kufika, koti linanijia.

Nitamwita Katekista, kama tunavyomwita wote. Habari za ukoo wake na mwaka aliozaliwa waulizeni wanawe, ambao nao sidhani kama wanazijua. Mimi nasimulia niliyoyaona na niliyofanyiwa, na nasimulia nikiwa nimekasirika, kwa hiyo anayetaka maneno matamu ya msibani amekosea mlango. Tena hajafa. Yuko hai na anakula vizuri kuliko mimi.

Tulitua Toronto, uwanja wa ndege wa Pearson, mwezi wa kwanza, mimi na mume wangu, kutoka kambini Burundi, mimi nikiwa na mimba kubwa na miguuni ndala. Pale mlango wa kutokea alisimama mzee mrefu mwenye koti jeusi lililomfika kwenye vifundo vya miguu, kofia pana ambayo zamani ilikuwa ya Mzungu fulani, na mifuko myeusi ya takataka mikononi. Ndani ya mifuko mlikuwa na makoti. Hakutujua, hakuwahi kutuona hata kwa picha. Alitupima kwa jicho moja, kwa sababu la kushoto lilikuwa limezibwa na mtoto wa jicho, akatoa koti la bluu, akanivika, kisha akainama, mzee mzima, akanifungia zipu juu ya lile tumbo mpaka kidevuni. Lilinitosha.

"Baridi ya huku haina heshima, mwanangu," akasema. "Haiulizi mtu ametoka wapi."

Familia zetu zote za maghorofa ya Dixon, mtaani kwetu Etobicoke, zilipita mikononi mwake hivyo hivyo. Alitufundisha kutembea juu ya barafu kwa kukanyaga na unyayo mzima. Alitufundisha kufungua dirisha kabla ya kukaanga sambaza, dagaa wa kwetu, king'ora kisije kikawaita zimamoto. Alitufundisha kwamba lifti si mahali pa kusengenyea, kwa sababu Wasomali wengi wa pale wamepitia Nairobi na Kiswahili wanakisikia vizuri kuliko wanavyoonyesha. Mgonjwa akilazwa, yeye ndiye wa kwanza kufika, na fimbo yake na chungwa moja mfukoni. Sikuwahi kumwona akienda kumwona mgonjwa bila chungwa.

Ukimwona hivyo utadhani mtu laini. Alikuwa na uwezo wa kusimamisha rozari katikati ya Salamu Maria ili mtoto ateme ubani, na sisi wote tungoje na vidole kwenye shanga. Akialikwa kula alikuwa anabariki chakula mpaka ugali unapoa na kufanya ngozi, halafu anauliza kwa nini umepoa. Alizungumza Kiswahili cha vitabu vya sala hata akiomba chumvi. Akikasirika tu ndipo kilipomtoka Kiswahili cha nyumbani, cha kandokando ya Ziwa Kivu, na hapo tulijua mambo yameharibika.

Ukali wake hasa ulikuwa kwenye majina.

Padri wa parokia, Mfilipino mpole asiyejua neno la Kiswahili zaidi ya amina, alimwachia Katekista maandalizi yote ya ubatizo wa watoto wetu. Katekista naye aliyalinda majina kama askari wa mpakani. Mtu alileta Bahati, akaambiwa bahati ni ya wacheza kamari. Mwingine alileta jina la mchezaji wa mpira, akaambiwa akaubatize mpira. Watu walicheka, wakabadilisha, wakaenda nyumbani kupika.

Mimi sikucheka. Mama yangu aliitwa Namugasa. Mugasa, kwa sisi tuliotoka kisiwa cha Idjwi na pwani za Kivu, ni yule wa ziwa, ambaye wazee walimwomba upepo utulie. Mama alizaliwa siku ya mawimbi makubwa, bibi akiwa ndiyo kwanza amevushwa ziwa, wakampa mtoto jina la aliyewavusha. Basi, ni hivyo tu. Mama hakuwahi kumtambikia mtu; rozari yake aliishika mpaka shanga zikachakaa. Alikufa njiani tukikimbia, tukamfukia kando ya barabara ambayo leo ukiniambia nikuonyeshe sitaweza. Hana msalaba wala jiwe. Nilichobaki nacho cha mama yangu kilikuwa jina.

Mwanangu alipozaliwa nililiandika jina hilo kwenye karatasi za serikali, na hakuna aliyenizuia. Lakini jina la kwenye karatasi halimwiti mtu. Kwetu jina hutamkwa kwa sauti, mbele ya watu, maji yakiwa kichwani mwa mtoto, na watu wote wanaitikia. Hicho ndicho nilichokitaka. Sauti moja, mara moja, mbele ya watu, iseme Namugasa, ili mama yangu awe tena mtu anayeitwa.

"Mwanangu, jina hilo halifiki altareni," Katekista akaniambia.

"Papa Katekista, iko jina ya mama yangu."

"Ni jina la mzimu."

"Mama yangu hakuwa muzimu. Alikuwa anasali kila siku."

Hapo Kiswahili cha vitabu kikamwishia. "Minasema hapana. Ile jina iko ya pepo ya maji. Nayijua, nimezaliwa kule kule. Siwezi kuyitamka mu nyumba ya Mungu, mimi."

Mume wangu, mtu wa kukwepa ugomvi, akaangalia viatu vyake. Mtoto akabatizwa Perpetua. Ni jina zuri, sina ugomvi na mtakatifu. Lakini tangu siku ile mimi ni Mama Perpetua, na kila Jumapili Katekista alinisalimu mlangoni kwa furaha, "Tumsifu Yesu Kristo, Mama Perpetua," nami nikajibu milele na milele huku meno yamebana.

Na huyu huyu nimemsikia kwa masikio yangu. Tulikuwa kwenye ukumbi wa chini wa kanisa baada ya sherehe, yeye anaosha masufuria, maana alikataa kabisa wanawake waachiwe masufuria peke yao. Akawa anaimba polepole wimbo wa wapiga makasia wa kwetu, ule wa kumbembeleza Mugasa alale. Aliimba mpaka akafika kwenye jina, akaliruka, akaendelea na yaliyobaki.

"Papa Katekista, umeruka," nikasema.

"Huo ni mlio tu. Mlio hauna dini."

Lakini nadhani aliona haya, kwa sababu siku hiyo alinieleza jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulieleza. Utotoni alikuwa na jina jingine, la kikwao. Padri Mbelgiji wa shule yao alimsimamisha mbele ya darasa, akamchapa mpaka mtoto mwenyewe akasema kwa kinywa chake kwamba jina lile ni la shetani. Miaka mingi baadaye, wakati wa Zaire, serikali ikapiga marufuku majina ya ubatizo. Yeye akakataa kuliacha lake, akatiwa selo. Kwa hiyo jina la kwanza alichapwa ili aliache, na la pili alifungwa kwa kulishika. Nilimuuliza lile la kwanza lilikuwa lipi. Akasugua sufuria kana kwamba hakunisikia.

Nilimwonea huruma, na ile huruma ikaniudhi kuliko kila kitu. Mtu aliyetendewa hivyo angekuwa wa mwisho kumtendea mwenzake. Au mimi ndiye sielewi watu.

Perpetua alipoanza shule, mimi nami nilianza darasa la Kiingereza, hapo hapo kwenye ukumbi wa chini, ili niweze kusomea kazi ya kutunza wazee. Katekista alikuja pia. Kiingereza alikuwa nacho cha kumtosha. Nadhani alikuja kutuchunga. Mwalimu wetu alikuwa bibi Mgoa mstaafu, mzaliwa wa Nairobi, mkatoliki wa kusali kila asubuhi, mwenye Kiswahili cha Kenya kilichochakaa lakini kinachotembea. Siku moja alitufundisha siku za juma. Ili tusisinzie akaanza kutueleza zilikotoka.

"Hii Wednesday ni siku ya Woden," akasema, kwa uchangamfu wa mtu anayegawa peremende. "Ilikuwa mungu ya watu ya zamani kule kaskazini, Wajerumani na ndugu zao. Mungu ya vita, ya mashairi, ya watu ya kunyongwa."

Katekista akavua kofia. "Mungu?"

"Mungu ya zamani, Katekista. Sasa hakuna mtu anaomba yeye."

"Na jina lake lina maana gani?"

"Hasira," akasema bibi. "Ile hasira inapanda kichwani mpaka mtu anakuwa kama wazimu. Wengine wanasema ni ile moto pia inashika mtu akitunga mashairi. Lakini kwanza ni hasira."

Darasa likacheka. Katekista hakucheka. "Na Wabelgiji?" akauliza.

"Wale wa Kifaransa wana mungu ingine, ya Waroma, ya biashara. Lakini wale Waflemi, Wabelgiji ya kaskazini, hao pia. Kwa lugha yao ni siku ya Woden, ile ile."

Yule padri alikuwa Mflemi. Nilijua kwa sababu Katekista alikuwa amenitajia siku ile ya masufuria. Nikamtazama. Alikuwa amekaa wima, kofia mapajani, mishipa ya shingo imesimama, kisha akainuka akaondoka bila kuaga. Mimi, kwa upande wangu, nilishangilia moyoni. Nikasema leo ameona. Wazungu wamemleta mungu wao wa hasira mpaka ndani ya kalenda ya kanisa, wakamwekea siku yake ya kutajwa kila juma, mpaka Jumatano ya Majivu kwa Kiingereza ni siku yake, na Mungu wa mbinguni hakufunga mlango. Sasa mama yangu atapita.

Jumatano iliyofuata tulikutana kwa rozari kwenye chumba cha mikutano cha jengo letu, kama kawaida ya jumuiya. Katekista akasimama kabla ya ishara ya msalaba.

"Ndugu wapendwa, neno lile la Kiingereza la siku ya leo halitatamkwa tena katika jumuiya hii. Leo ni Jumatano."

Vijana wakatazamana, mmoja akaguna. Ndipo akapiga meza. "Yule padri alinichapa kwa ajili ya mzimu wa ziwa! Na yeye kila juma, kwa lugha ya mama yake, anamtaja mungu wa watu wa kunyongwa. Anamtaja akiandika barua kwao. Anamtaja akipanga misa. Nani alimuchapa yeye? Nani?"

Machozi yalimtoka jicho zima tu, lile lingine likabaki kavu. Sijui kama hilo linawezekana lakini ndivyo nilivyoona. Tukasali rozari nzima bila mtu kukohoa.

Baada ya hapo nilimfuata kwenye ngazi. "Papa Katekista, sasa umeona. Hata bao Wazungu banachunga majina ya mizimu yao, na Mungu hajabafukuza."

"Nimeona," akasema. "Wao wamekosea. Sisi tusikosee."

"Basi hata hii Jumatano yetu uiache. Tunaihesabu kutoka Ijumaa ya Waislamu."

Akafikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri, hilo nampa. "Hao wanamwomba Mungu mmoja," akasema, akavaa kofia, akashuka.

Nilibaki pale kwenye ngazi. Ni akili gani hiyo? Ufunguo umewekwa mkononi mwake, naye akautumia kufunga mlango mwingine. Badala ya kumwachia mama yangu aingie, akamtoa Wodeni, halafu akajiona ametenda haki. Kama kweli jina la mungu huyo ni hasira, basi jioni ile nilikuwa muumini wake pekee Etobicoke nzima.

Alilishika neno lake kuliko tulivyodhani. Majivu yalipofika, kwenye matangazo ya misa ya Kiingereza alisoma "Ash" akanyamaza, akaangalia juu, akaendelea na saa ya ibada. Waumini wa Kiingereza wakadhani mzee amepoteza mstari. Jumanne, Alhamisi na Ijumaa za Kiingereza nazo zina miungu yao, bibi Mgoa alitueleza, na hizo alizikwepa kimya kimya. Huyu wa Jumatano tu ndiye aliyemfanyia uadui wa wazi.

Kisha ikaja habari ya jicho. Baada ya miaka ya kusihiwa na mwanawe alikubali kutolewa yule mtoto wa jicho. Kliniki wakampigia simu kumuuliza siku inayomfaa. Yeye, kwa kuwa neno halimtoki, akawaambia kwa Kiingereza siku ya tano. Wao siku ya tano ya kazi ni Ijumaa, wakaandika Ijumaa. Katekista akafunga safari Jumatano, mabasi mawili ndani ya theluji, akaambiwa hayumo kwenye orodha. Ijumaa hakwenda. Alisema watu wasiojua kuhesabu hawezi kuwapa jicho lake. Nafasi ikapotea, na jicho likabaki vile vile.

Perpetua ndiye aliyenionyesha picha. Alikuwa amekua, anaelewa Kiswahili chote ila anajibu kwa Kiingereza, na hadithi ya Wodeni ilikuwa imemwingia. Akaniletea simu jikoni. Mzee mrefu, koti refu, kofia pana, fimbo, jicho moja. Akanisomea kwamba alikuwa msafiri wa kubisha hodi kwenye nyumba za watu, na kwamba jicho lake moja alilitoa mwenyewe apate hekima.

"Mom, it's Katekista," akasema.

Tulicheka mpaka nikaketi sakafuni. Wodeni alitoa jicho apate hekima. Katekista alitoa lake ili asimtaje Wodeni. Nilicheka sana, halafu nikajikuta siwezi kuendelea kukata vitunguu, na haikuwa kwa sababu ya vitunguu.

Mwaka wa kipaimara cha Perpetua nilirudi kwake. Niliona mtoto sasa ni mkubwa, anaweza kuongezewa jina, na mwenyewe alilitaka. Katekista alitukaribisha, akamwagia mtoto chai, akamuuliza habari za hesabu. Kisha akakataa tena. Safari hii alikataa kwa upole, mkono wake juu ya mkono wangu, na ule upole ulinichoma kuliko ukali wa mwanzo. Nikamwambia sitakuomba tena. Akasema atatuombea. Nilitoka bila kumaliza chai, jambo ambalo kwetu ni tusi, na nilitaka liwe tusi.

Mwaka huu kiharusi kikamwangusha. Mguu ukafa, ulimi ukapona. Mwanawe anayeishi Markham, mtu wa ofisi na gari, akahangaika na kutafuta mahali, na penye nafasi pakawa kwenye makao ya wazee ninapofanya kazi mimi. Mimi niko ghorofa ya pili. Yeye wakampa chumba ghorofa ya kwanza.

Kwenye kila chumba pale pana ubao mweupe ukutani, na kila asubuhi mhudumu anaandika jina la siku kwa herufi kubwa, wazee wasipotee. Anayeleta uji anawauliza leo ni siku gani. Mwanawe alikuwa amewaambia kwamba baba anajua Kiingereza vizuri, na ni kweli. Kwa hiyo Katekista alipojibu "Jumatano", walisikia mzee anaguguna. Siku nyingine alinyamaza kabisa. Halafu wakagundua kwamba siku hiyo moja katika juma anamwomba mhudumu atundike kofia yake kwenye msumari wa ubao, neno lifunikwe. Nalo wakaliona dalili ya ugonjwa wa kusahau.

Nilizisikia habari hizi kwa muuguzi mkuu, kwenye chai, kama jambo la kawaida. Yule mzee wenu, akasema, hajui siku, hajui anachofanya na kofia yake. Jumatano daktari anakuja, akithibitisha tutampandisha ghorofa ya tatu. Ghorofa ya tatu mlango wake unafunguliwa kwa namba. Nimewahi kufanya kazi kule. Waliopandishwa kule sijaona wakishuka.

"Anajua siku," nikamwambia. "Hataki kuitaja."

"Kwa nini?"

Nikamweleza. Mungu wa Wajerumani wa kale, padri Mbelgiji, fimbo. Nilipofika katikati niliona anavyonitazama, nikajua mwenyewe nakaribia kupandishwa ghorofa ya tatu. Akasema basi nije nitafsiri, tuone.

Jumatano hiyo niliingia chumbani kwake kabla ya daktari. Kofia ilikuwa juu ya ubao. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha magurudumu, amenyolewa, shati limefungwa mpaka juu.

"Tumsifu Yesu Kristo, Mama Perpetua."

"Papa Katekista, batakupeleka juu."

"Nimesikia."

"Basi sema ile neno. Moja tu. Kisha nitakuletea maji unawe mudomo."

"Nimekwisha kufungwa kwa ajili ya jina," akasema. "Najua kukaa."

Hapo kila nilichokuwa nimekibania meno kikatoka. Sikupaza sauti, milango ya pale haifungwi. "Unajua kukaa. Na sisi? Mutoto wako anatoka Markham analia ndani ya gari. Na mimi, miaka yote nimesimama inje ya mulango yako na mama yangu mukononi. Ulinivalisha koti, Papa. Mama yangu ukamuacha inje mu baridi. Ulisema baridi haiulizi mutu ametoka wapi. Wewe ndiye uliuliza."

Chai yake ilikuwa mbele yake, hajaigusa.

"Alizikwa wapi?" akauliza.

Katika miaka yote ile hakuwahi kuniuliza. "Sijui," nikasema. "Kwa sababu ya ile ndiyo niliomba jina."

Daktari akaingia na muuguzi mkuu. Alikuwa kijana mwenye haraka lakini hakuwa mtu mbaya. Akauliza kwa Kiingereza, nikatafsiri. Uko wapi? Katekista akajibu kwa Kiswahili cha vitabu: Toronto, katika nyumba ya wazee, ghorofa ya kwanza, chumba kinachonuka supu. Supu niliiacha. Leo ni siku gani?

"Jumatano," akasema, kisha akanitazama kwa lile jicho zima. Alijua kinachofuata. Alijua kwamba nitalitia lile jina kinywani mwake mbele ya watu, na kwamba halina njia nyingine ya kupita ila kwangu.

"Wednesday," nikasema.

Akafumba jicho. Daktari akaitikia kwa kichwa, ameridhika, muuguzi akaniangalia upya. Swali la mwisho, akasema daktari, akaninyooshea kalamu. Mwulize kama anamfahamu huyu mama, ni nani.

Nikauliza. Niliona ni ujinga kuulizia habari zangu mwenyewe, na jibu nililijua, nimelisikia kila Jumapili. Alinitazama mpaka muuguzi akaanza kugonga kwenye kompyuta yake ya mkononi. Kisha akavuta pumzi, na sauti iliyotoka haikuwa ya mgonjwa. Ilikuwa ile ya siku za ubatizo, inayofika mpaka viti vya nyuma.

"Huyu ni binti wa Namugasa."

Pumzi moja. Lilimtoka kwa pumzi moja, bila pepo, bila mawimbi, paa likabaki mahali pake. Hicho tu ndicho nilichomwomba, na aliningojesha mpaka akawa hana maji ya kubatizia ila kikombe cha chai iliyopoa. Mwanangu amekwisha kukua. Nilitaka kulia na nilitaka kumpiga, na mikono yangu ikabaki imeshika shuka la kitanda.

Daktari alikuwa anasoma kitambulisho changu kifuani, kilichoandikwa Consolata. Amesemaje, akauliza. Nikamwambia amesema mimi ni binti wa Namugasa.

"Ni sahihi?"

"Ni sahihi," nikasema. "Ndiye mama yangu. Aliitwa hivyo."

Basi atabaki ghorofa hii, akasema daktari, wakatoka kwenda chumba cha jirani. Wakati wanaongea muuguzi alikuwa ameiondoa kofia ubaoni asome tarehe, akaiacha kitandani. Lile neno lilikuwa wazi ukutani, herufi kubwa nyeusi. Katekista hakuligeukia.

"Mama," akasema, akasita, hakumalizia na Perpetua. "Kofia yangu."

Niliichukua nikaitundika juu ya ubao, nikaivuta chini kidogo mpaka herufi zote zikafunikwa. Kisha nikapanda ghorofa ya pili kuendelea na kazi, na nilikuwa bado nimekasirika.